Naomba ushauri: mataruma (mbavu za ndani) ya mashua yameoza

Ndugu wanachama, nimeipandisha pwani hapa Lamu mashua ya marehemu baba ili niitengeneze mwenyewe. Nilipoondoa kalafati kuukuu, yaani pamba ya kuzibia nafasi kati ya mbao, karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo), niligundua kwamba mataruma 4 ya upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, yameoza pale yalipopigiliwa misumari ya chuma, ingawa mbao za ubavuni, ambazo ni za mti wa mbambakofi, bado ni ngumu kabisa. Je, nibadilishe taruma moja moja, chombo kikiwa kimeegemezwa magogo ili umbo lake lisipotee, au nipachike vipande vipya kando ya vile vibovu? Njia ya pili inanitia shaka, kwa kuwa maji yatatuama katikati na kuozesha upya. Mashua hii ndiyo iliyotusomesha, sitaki kuiharibu.