Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: waandikwe majina ukutani au tuwaache walale?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Fundi aliniambia gari litachukua saa mbili, nikaona nipoteze muda ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, hapa Dar, yale tunayoyapita kila siku kwenye daladala bila kugeuza shingo. Nyasi zimenyolewa utadhani zimetoka kinyozi. Kila jiwe lina jina, cheo na tarehe. Wa jiwe moja alikufa akiwa kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Nikasoma, nikasikitika, ndiyo ubinadamu.

Halafu nikatafuta sisi tuko wapi.

Mwaka 1968 makaburi ya Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara, na mengine yakaletwa hapa. Viwanja vya Waafrika, Wakristo na Waislamu na wasio na dini hizo, havikuwa vimewekewa alama ya mtu mmoja mmoja tangu mwanzo. Kwa hiyo mabaki yao yakazikwa kwa pamoja, wakajengewa ukuta. Jina la mtu? Hakuna.

Msije mkasema ni bahati mbaya ya makarani. Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Horace Byatt, alipoulizwa kuhusu makaburi ya wapagazi, yaani wabeba mizigo wa jeshi, mapema miaka ya 1920, alitaka yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na idadi ya waliokufa hakutaka hata kuifikiria. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, upande wao ulichukua wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa walikuwa kama 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, kichomi na njaa. Watu waliokulia ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, wakaupika jioni ya mvua, kuni mbichi, muda hakuna, wakala ugali usioiva, na tumbo likawamaliza.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati.

Hoja yangu: ukuta wa majina ujengwe, London ilipe, na ujengwe Kariakoo. Mtaa wenyewe jina lake ni wao, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, Carrier Corps, kikatamkwa Kiswahili. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Songea

Mkuu, kwa heshima zote, napinga. Kwetu mashujaa tunawajua. Kila Februari 27 tunawakumbuka walionyongwa na Mjerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Na waliosimamia kamba walikuwemo askari wenye ngozi kama yangu. Miaka minane baadaye askari wa namna hiyohiyo wanapigana na Mwingereza, mabwana wawili wakigombea shamba, leo unataka tuwachongee majina? Na msiniletee ile methali ya tembo na nyasi, tumeichoka.

Taifa linakumbuka waliolipigania. Walioanguka vita vya Kagera wamelala Kaboya, wana heshima yao. Julai 25 Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Hao ni wetu. Wa 1914 walimpigania Mfalme, basi Mfalme awazike.

Mleta mada

Umechanganya watu wawili, mkuu. Askari alishika bunduki, akalipwa, wengine walijiandikisha wenyewe. Mpagazi alibeba mzigo kichwani, na wengi walikamatwa tu: jumbe kaambiwa alete vijana hamsini, analeta. Hakumpigania mtu.

Na kuchanganya huko hukukuanza wewe. Nenda pale Posta kwenye sanamu ya Askari, imesimama tangu 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini inua macho: aliyesimama juu ana bunduki na singe. Miguu na mikono imebaki kwenye maandishi.

Mchangiaji wa Nairobi

Hapo niingilie kidogo kama jirani. Sisi pale Kenyatta Avenue sanamu ni tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Watu wanapigia picha, wengine wanaegemea wakingoja rafiki. Ukiwauliza huyu wa tatu ni nani, hawajui. Kariokor yetu nayo watu wanaijua kwa viondo na nyama choma. Kwa hiyo sanamu peke yake haikumbushi mtu. Majina labda, kwa sababu mtu atakuja kutafuta la babu yake.

Mchangiaji wa Tanga

Assalam alaykum. Ndugu yangu mleta mada, nia yako njema, ila wengi wa wale walikuwa Waislamu. Kwetu kaburi likijulikana kuwa ni kaburi inatosha. Kulijengea na kulipamba hatukuhimizwa. Maiti anataka dua, sio marumaru. Huenda ule ukuta usio na majina ndio uliokaribia desturi yetu bila wao kujua.

Mleta mada

Waalaykum salaam, sheikh. Nakubali kabisa kwa kaburi. Lakini ukuta wa Kariakoo hautakuwa juu ya kaburi la mtu. Na kuna tofauti kati ya familia kuchagua kaburi lisilo na jina na gavana kuwachagulia. Gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), Guggisberg, mwaka 1923 alisema mwenyeji wa kawaida wa kule asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Huyo hakuwa akifikiria fiqhi ya Kiislamu.

Mchangiaji mwingine

Kijijini kwetu mjamzito anapandishwa bodaboda kwenda kujifungua. Hela ya ukuta ijenge zahanati, iitwe Zahanati ya Wapagazi. Mjadala umeisha.

Mchangiaji wa Songea

Haujaisha. Mnajua hiyo Tume ya Makaburi ya Vita inaendeshwa na nani? Serikali sita: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India. Tanzania haimo. Mwenye mali ndiye mwenye kauli. Watakuja na mchoro wao, jiwe lao, maneno yao, na sisi tutaitwa siku ya kukata utepe.

Mleta mada

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote leo, na sina jibu lake kamili. Ila Januari 2025 walizindua ukumbusho Cape Town, katika bustani ya Company's Garden: majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika weusi waliohudumu bila silaha. Kila mtu ana nguzo yake ya mbao ya mvule. Sio sanamu ya mtu mwenye bunduki. Nguzo tu na jina. Ya zahanati siipingi, lakini hizo si fedha za bajeti yetu. Tukizikataa haziendi kwa wajawazito, zinabaki London.

Mzee wa Dodoma

Wanangu, hakuna aliyeniamkia lakini naitikia: marahaba.

Sisi Wagogo miaka ile tunaiita Mtunya. Majeshi yalipita, ya Mjerumani kisha ya Mwingereza, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua na wanaume wa kulima. Mvua nayo ikakataa. Waliobaki nyumbani walikufa kama waliokwenda. Sasa ukuta wenu utaandika nani? Aliyefia njiani na mzigo, au mama yake aliyefia jikoni akimngoja?

Mdogo wake babu yangu alichukuliwa kupeleka mizigo kusini. Hakurudi. Hakuja karani, haikuja barua, haukuja mshahara.

Mleta mada

Shikamoo mzee, na utuwie radhi. Nakiri wa Mtunya sikuwafikiria. Kama ukuta utajengwa, na wao wawe na mahali pao. Naomba nikuulize: jina la huyo babu mdogo mnalo bado? Pale kwenye sanamu ya Posta pameandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Mzee wa Dodoma

Huyo hakuacha mtoto. Alichukuliwa kabla hajaoa.

Jina lipo, ndilo nililopewa mimi, na mjukuu wangu wa darasa la nne analo pia. Mkija kuandika, njooni na kalamu, nitawatajia na kijiji. Ila muweke na mwaka, watu wasije wakadhani nimekufa mimi.