Naomba ushauri: kibofu kinanisumbua, nianze dawa au mazoezi kwanza?

Habari zenu wapendwa. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mkojo ukinibana haunipi hata dakika. Namwacha mteja ameshika mfuko, nakimbilia choo cha kulipia. Kupanda kivuko cha Kamanga ndiyo naogopa kabisa.

Sukari na U.T.I. hazikuonekana. Daktari kasema kibofu kinajikaza kabla hakijajaa, nichague: mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga na kujizoeza kuchelewesha haja kidogo kidogo, au dawa ya oksibutinini, ambayo huweza kukausha kinywa na kufunga choo. Dawa nyingine, mirabegroni, ipo pia, ila nina presha na inaweza kuipandisha.

Waliopitia hili, mazoezi yalichukua muda gani kuleta nafuu? Na hiyo oksibutinini mliwezaje kukaa nayo juani kutwa nzima? Nisaidieni jamani, biashara inayumba.