Mrejesho: ile asembli ya Intel sasa inakubali kwenye GCC

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kugeuza asembli (maagizo ya moja kwa moja kwa prosesa) niliyoipachika ndani ya C kutoka mtindo wa Intel kwenda AT&T, maana GCC (kompaila ya C) ilikuwa inaikataa. Imekubali! Mpangilio, yaani chanzo na kinakoenda kubadilishana nafasi, haukunisumbua: `sub eax, ebx` inakuwa `subl %ebx, %eax`. Kilichonitesa ni asilimia. Ukishaweka vigezo vya kuingiza na kutoa, rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) inataka asilimia mbili, `%%eax`. Moja ni ya `%0` na wenzake, yaani vigezo hivyo vikitajwa kwa namba. Siku mbili nzima kwa alama moja! Anwani ya kumbukumbu `[ebx+ecx*4+8]` nayo ikawa `8(%%ebx,%%ecx,4)`. Aliyependekeza `-masm=intel` (chaguo la kuiambia GCC isome mtindo wa Intel), asante, ila faili hiyohiyo ina vipande vingine vya AT&T, vingegoma. Majibu ya programu yaliendelea kutoka ya ajabu hadi nilipoitaja `"eax"` kwenye orodha ya rejista zinazochafuliwa, yaani ambazo asembli inabadilisha thamani zake.