Kikundi cha Familia: Fomu ya Kambi ya Milimani

Mama: Shikamoo Mama, na wengine nawasalimu nyote. Shule imetuletea fomu ya ruhusa ya kambi ya mafunzo milimani: siku tano, kulala huko huko, na simu zinabaki nyumbani. Baba yake amekwisha kukubali, lakini mimi moyo ni mzito, kwa sababu mtoto ana miaka 12, ana pumu, na hajawahi kulala mbali na nyumbani bila mmoja wetu. Kwa nini wasipande asubuhi wakarudi jioni?

Bibi: Marahaba mwanangu. Nami nauliza hilo hilo. Mlimani kuna baridi.

Shangazi: Shikamoo Mama. Wifi, nimefuatana na wanafunzi katika kambi za namna hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mniwie radhi nikijibu kwa kirefu. Safari ya siku moja humwonyesha mtoto mlima, ila haimpi nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Siku ya kwanza hujaza shanta ovyo, koti la mvua likakaa chini kabisa, na mvua ikianza hulazimika kumwaga kila kitu kwenye matope huku wenzake wakimsubiri wameloa. Kesho yake koti liko juu, na hakuna mwalimu aliyemkumbusha. Angerudi nyumbani jioni ile, wewe ungemfulia na kumpangia shanta upya, na somo lingeishia hapo.

Baba Mdogo: Wazo la kuwalaza huko si la jana. Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyekimbilia Uingereza, alianzisha Outward Bound, shule ya kuwafunza vijana kwa safari za baharini na milimani, mwaka 1941 pale Aberdovey, pwani ya Wales, akisaidiana na Lawrence Holt, mwenye meli, na vijana walikaa pale karibu mwezi mzima. Shule yao ya milimani ilifunguliwa Eskdale mwaka 1950.

Mama: Ahsante shemeji, lakini hao walikuwa vijana wa kwenda baharini. Wangu bado analala na taa ikiwaka.

Shangazi: Hofu yako ni ya haki, wifi. Tuanze na pumu. Iandike kwenye fomu bila kuipunguza, kwa kuwa hewa baridi na mwendo wa kupanda vinaweza kuichochea, na umpeleke kwa daktari wake kabla ya safari. Pampu ziwe mbili: moja mfukoni mwake mwenyewe, nyingine kwa kiongozi wa kundi lake, wala isiwepo hata moja kwenye begi linalopelekwa kwa gari. Uliza pia bweni liko kwenye mwinuko gani, kwa maana ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia mita 2,500 hivi. Kisha uliza ni lini mara ya mwisho kiongozi aligeuza kundi njiani kwa sababu ya hali ya hewa. Kiongozi ambaye hajawahi kurudi kabla ya kufika kileleni mimi simwamini.

Bibi: Na hiyo baridi hujaijibu.

Shangazi: Ni kweli Mama, kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na upepo huongeza makali. Ila kinachowaumiza watoto zaidi ni fulana za pamba, ambazo zikilowa hung'ang'ania mwili na kuupoza. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Lile sweta ulilomfumia ndilo hasa tunalolitafuta.

Mama: Na akilia usiku?

Shangazi: Huenda akalia, hasa taa zikizimwa na mchana ukiwa umekwisha. Nilikaa na binti mmoja mlangoni mwa bweni usiku wa pili, akitetemeka na kuomba tumpigie mama yake. Sikumwambia anyamaze. Nilimpa filimbi ya kundi aitunze, nikamfundisha ishara ya dharura: mipulizo sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha unarudia. Aliihesabu kimoyomoyo mpaka akalala. Siku ya nne yeye ndiye aliyeshika ramani na dira, na ukungu ulipofunika njia alilisimamisha kundi zima kabla sijafungua kinywa. Simu ingempeleka nyumbani usiku ule wa pili, nayo siku ya nne asingeijua.

Baba Mdogo: Viatu je? Nimeona kaka amemnunulia vipya.

Shangazi: Avivae kuanzia leo, kila siku, na soksi zile zile atakazopandia. Kiatu kipya siku ya kwanza ya mlima huleta malengelenge kisiginoni, na mtoto mwenye malengelenge hatazami kitu kingine.

Mama: Nimetia saini. Nimeandika habari ya pumu kwa urefu mpaka nafasi imekwisha, na maswali mengine nitampelekea mwalimu mkuu mwenyewe kesho. Mtoto amesoma ujumbe wenu wote begani pangu, na anauliza kama sweta la Bibi lina mfuko wa kuwekea filimbi.

Bibi: Halina. Mniletee leo nilishonee.