Naomba ushauri: saa za ofisi zinawaacha nje vibarua na wachuuzi

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa niaba ya majirani zangu hapa mashariki mwa Uganda. Ofisi ya serikali tunayoitegemea kwa vyeti vya kuzaliwa na marekebisho ya kitambulisho cha taifa hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na katikati dirisha hufungwa kwa chakula cha mchana. Kibarua wa mashambani au mama anayeuza mboga sokoni hawezi kufika humo bila kupoteza kipato cha siku nzima, pamoja na nauli ya bodaboda, na akikuta foleni ndefu huambiwa arudi kesho. Mwenye mshahara huomba ruhusa tu. Kibarua au mchuuzi hana wa kumwomba.

Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila anayefika mbele ya afisa wa utawala haki ya kutendewa kwa haki na usawa. Siwalaumu watumishi, maana nao ni wachache na wana familia, lakini naamini Jumamosi moja kwa mwezi, au zamu za watumishi wakati wa chakula cha mchana, zingesaidia sana.

Je, ombi hili tulipeleke kwanza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na diwani wetu, au tumwandikie moja kwa moja Afisa Mkuu wa Utawala wa wilaya? Na waliowahi kufanikiwa kubadilisha saa za huduma kwao, waliambatanisha ushahidi gani?