Hilux 3L: feni inavuma mlimani hadi Lushoto, nimebadilisha klachi ya feni na bado

Karoti_za_Lukozi (Jumapili, saa 3 usiku)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla sijamgombeza fundi asiye na kosa.

Nina Hilux ya 1996, injini 3L, dizeli, gia za mkono. Kazi yake ni moja: inashuka na karoti na kabichi za Lukozi hadi Tanga, inapanda na saruji, sukari au chochote tulichopata. Gari ni yangu na safari nyingi nakaa mbele na dereva, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyasikia kwa masikio yangu, sikuhadithiwa.

Tatizo ni mvumo. Si chuma kusaga chuma, wala si ule ukelele wa mkanda kuteleza. Ni uuuuuu mzito, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya pili. Asubuhi ukiwasha unausikia kama dakika moja, unaisha. Korogwe mpaka Mombo kimya. Tukianza kupanda na mzigo, hatujafika Soni unaanza, na ukishaanza hauachi mpaka Lushoto. Dereva akikanyaga mafuta nao unapanda, akiachia unashuka. Zamani pale Soni nilikuwa nashusha kioo nasikia maporomoko ya maji. Siku hizi nasikia feni.

Mshale wa joto zamani ulikuwa haufiki nusu. Sasa mlimani unavuka nusu kidogo, unasimama hapo hapo. Haijawahi kuchemsha. Tukiwa tunashuka, kimya kabisa, mshale unarudi.

Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza: wota pampu imekufa. Wa pili: klachi ya feni, ile inayoishika feni na kuiachia, imekufa. Nikamsikiliza wa pili, nikanunua klachi mpya ya boksi (si orijino, nakiri, hela haikutosha). Ikafungwa. Uuuuuu ile ile, tena nahisi imezidi. Wa tatu anataka kuichomelea feni iungane moja kwa moja na puli ili "tusahau habari ya klachi". Hapo ndipo nikashika funguo zangu nikaondoka.

Nianzie wapi?

---

Mzaramo_Mtupu (Jumapili, saa 4 usiku)

Kaka hayo ma-klachi ni ya kizamani. Toa yote, nenda gereji nunua feni ya umeme ya gari ndogo, funga mbele ya rejeta na swichi yake ndani. Mimi nilifunga kwenye Corolla, mwaka wa tatu huu, sina habari.

---

Spana_12 (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Corolla haipandi Soni na mifuko 20 ya saruji mgongoni, ndugu yangu. Dizeli ile ikipanda polepole na mzigo inahitaji upepo mwingi sana, na kakifeni ka gari ndogo hakataupata. Halafu altaneta ya Hilux ya zamani utaipa mzigo ambao haikuzaliwa nao. Wanaofanya hivyo wapo, ila huwa nakutana nao wakija na hedi, kichwa cha injini, imepasuka.

Mwenye gari, mimi ni fundi, niko Makambako, 3L nimezifungua tangu zikiwa bado na harufu ya Japani. Hongera kwa kushika funguo. Feni iliyochomelewa inazunguka na injini saa zote, iwe baridi iwe joto. Huo mvumo unaoulalamikia ungeusikia toka nyumbani mpaka Tanga, unakula nguvu na mafuta, na beringi ya wota pampu haitakushukuru. Mapanga yenyewe ni ya plastiki yenye umri wa mwanao. Ukiyakimbiza kila siku kwa mizunguko ya juu, siku moja panga moja litakatika, na likikatika linapita kwenye rejeta au kwenye boneti.

Sasa sikiliza. Katikati ya ile klachi, upande unaotazama rejeta, kuna springi ya bati iliyojisokota kama dawa ya mbu. Upepo uliopita kwenye rejeta ukifika pale ukiwa wa moto, ile springi inajigeuza, inafungua kitundu, mafuta mazito ya silikoni yanaingia, feni inashikwa na kuanza kuvuta kwa nguvu. Hapo ndipo uuuuuu. Upepo ukipoa, mafuta yanarudi kwenye chumba chake, feni inateleza, kimya. Ile dakika moja ya asubuhi ni mafuta yaliyotuama usiku. Hiyo isikusumbue, hata gari isiyo na ugonjwa inafanya hivyo.

Kwa maelezo yako, feni inavuma wakati ambao INAPASWA kuvuma. Inavuma kwa sababu kuna joto. Mimi nisingeuliza feni ina nini. Ningeuliza joto limetoka wapi.

Fanya haya, injini imezimwa na funguo iko mfukoni mwako, si kwa dereva:

Asubuhi kabla ya kuwasha, zungusha feni kwa kidole. Iende kwa uzito, kama kukoroga uji uliopoa. Ikizunguka raundi tatu nne yenyewe, imekufa. Ikigoma kabisa, imeganda.

Kisha shika ncha za mapanga mawili yanayotazamana, vuta mbele, sukuma nyuma. Ikicheza, beringi ya wota pampu au ya klachi. Chungulia chini ya pampu, kuna kitundu. Kikiwa na alama ya maji yaliyokauka, fundi wako wa kwanza alikuwa na haki.

Nijibu na haya pia: AC ipo? Inafanya kazi? Na mara ya mwisho rejeta kuoshwa ni lini? Simaanishi kubadilisha maji. Kuoshwa nje.

---

Dereva_Mstaafu (Jumatatu, saa 6 mchana)

Naongezea kimoja tu. Yangu ilikuwa inavuma halafu inagonga tak-tak-tak kwenye matuta. Ilikuwa mauntingi ya injini, ile raba inayoibeba, imekaa chini, feni inakwaruza lile kava linaloizunguka. Angalia kama kava lina mkwaruzo mpya mweupe upande wa chini.

---

Karoti_za_Lukozi (Jumanne, saa 2 usiku)

Asanteni sana. Kwanza hilo "kaka" nimelipokea, ila mimi ni mama wa watoto wanne.

Nimefanya leo asubuhi mwenyewe, dereva kasimama pembeni anacheka. Feni inazunguka nzito, haifiki raundi moja, inasimama. Kuicheza mbele na nyuma, haichezi. Chini ya pampu pakavu, vumbi tu. Kava halina mkwaruzo, kwa hiyo mauntingi nadhani ni nzima.

AC: ilikufa kabla sijainunua gari. Kompresa ilishatolewa, mkanda wake haupo, mabomba yamekatwa yako wazi. Ila ile rejeta yake ndogo ya mbele bado ipo. Sijawahi kuifikiria.

Kuoshwa nje: kila wiki tunaosha gari. Kijana anapiga maji mbele kwenye grili.

---

Spana_12 (Jumanne, saa 3 usiku)

Shikamoo mama, samahani kwa la funguo mfukoni, nilidhani naongea na kijana mwenzangu.

Hapo kwenye "kijana anapiga maji mbele" ndipo penyewe. Anayapiga kwenye kondensa ya AC, hiyo unayoiita rejeta ndogo. Nyuma yake kuna nafasi ya kama vidole viwili, halafu ndiyo rejeta ya injini. Uchafu unaopita kondensa unanasa pale katikati. Kijana akipiga maji kwa mbele anausindilia. Ukitazama kwa grili unaona kondensa inang'aa, unasema gari safi.

Fanya jaribio la karatasi. Siku ikivuma, simamisheni mahali pa usalama, injini iwe inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Chana karatasi ya daftari, iweke MBELE ya grili, upande wa nje, ukiwa umesimama nje ya gari. Mikono na kanga mbali na feni na mikanda, nakuomba sana. Karatasi ikivutwa ikang'ang'ania, upepo unapita. Ihamishe kona moja baada ya nyingine. Pale inapodondoka, pameziba.

Kisha gari ikishapoa, ingiza tochi ya simu kati ya kondensa na rejeta, uchungulie.

---

Mzaramo_Mtupu (Jumanne, saa 4 usiku)

Shikamoo mama. Na mimi samahani. Ila feni ya umeme bado naitetea, kwa gari ndogo.

---

Karoti_za_Lukozi (Ijumaa, saa 4 usiku)

Marahaba wanangu wote, na wa Corolla pia.

Jana tumesimama juu ya Soni, pale pana sehemu ya kuegesha, inavuma kama ndege. Karatasi kona ya juu kulia kwa dereva, inashika. Katikati, inayumbayumba. Nusu yote ya chini, inadondoka kama jani. Mara tatu. Hata dereva aliacha kucheka.

Leo tumefungua. Kwa kuwa AC haina gesi wala kompresa nimeamuru ile kondensa itolewe kabisa, sioni kazi yake zaidi ya kuziba. Ilipotoka, wakuu, rejeta ilikuwa imevaa blanketi. Udongo mwekundu wa barabara ya Lukozi umegandamana na mbawa za kumbikumbi, mbawa kwa maelfu, na vipande vya majani ya kabichi, na nyuzi za viroba. Nusu ya chini huoni pezi hata moja, vile vibati vyembamba vya rejeta. Nimebandua kipande kwa ukucha kikatoka kizima kama mkate wa kumimina, kina alama za mapezi upande wa pili. Nimekileta nyumbani kuwaonyesha watoto.

Sasa nauliza kabla sijaharibu: tunaoshaje? Kijana anataka kupeleka kwenye ile mashine ya kuoshea malori.

---

Spana_12 (Ijumaa, saa 4 usiku)

HAPANA kwa mashine. Yale mapezi ni laini kama karatasi ya sigara, presha itayalaza yote na utakuwa umeziba kwa chuma badala ya udongo.

Mpira wa kawaida wa bustani. Loweka kwa maji ya sabuni ya unga, acha nusu saa, rudia. Halafu piga maji kutoka upande wa injini kuja mbele, uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Ukiweza toa kava la feni upate nafasi. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Pezi lililolala linyanyue taratibu kwa kijiti.

Mkishamaliza, washeni mpaka ipate joto, zimeni, subirini kidogo, kisha pitisha kiganja mbele ya rejeta bila kugusa mfuniko. Joto liwe sawa sawa. Ukikuta sehemu ya baridi, ndani nako kuna mabomba yameziba na hiyo ni kazi nyingine.

---

Karoti_za_Lukozi (Jumatano, saa 2 usiku)

Tumeosha Jumamosi, saa tatu nzima. Maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa, halafu ya rangi, halafu meupe. Kiganja nimepitisha, joto ni sawa kote.

Jana tumepanda na mifuko 22. Soni tumepita kimya. Ilivuma mara moja, kwenye zile kona kali za juu tulipokuwa nyuma ya lori la mbao tunatambaa gia ya kwanza, kama dakika mbili, ikaacha yenyewe. Mshale haukufika nusu. Maporomoko nimeyasikia, ila na dereva naye nimemsikia, kumbe njia nzima huwa anaimba.

Kondensa nimeiuza kwa wa vyuma chakavu, elfu sita.

Swali la mwisho: ile klachi ya zamani, iliyotolewa bila kosa, iko chini ya kitanda. Irudishwe au ibaki hii ya boksi?

---

Spana_12 (Jumatano, saa 3 usiku)

Ikiwa haivuji, irudishe. Tazama katikati pale penye springi na kwenye ukingo wake: kukiwa na duara la mafuta yaliyoshika vumbi, silikoni imetoka. Kama ni kavu, hiyo orijino ya zamani naiamini kuliko ya boksi. Zile za boksi nyingi zinashika mapema mno, ndiyo maana uliona imezidi.

Wakati wa kufungua, nati nne, spana namba 12, zilegezeni kabla ya kulegeza mkanda, vinginevyo puli itazunguka na fundi ataanza kutumia patasi. Na mama, itoe chini ya kitanda uisimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari. Ikilala muda mrefu mafuta yanavuja.

---

Karoti_za_Lukozi (Jumatano, saa 3 usiku)

Imelala wiki ya tatu hii. Ngoja nikaichungulie.