Wasifu wa babu: tumwandike kama askari au kama mchoraji?

Mjukuu wa Lanet, Nakuru

Habari zenu ndugu zangu. Babu yetu alitutoka mwaka jana, na mwezi ujao familia itafanya makumbusho yake nyumbani Vihiga, nami nimepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku hiyo. Alilitumikia jeshi la Kenya hadi akastaafu, na alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Namibia mwaka 1989 chini ya Umoja wa Mataifa, wakati Kenya, Malaysia na Ufini zilipotoa batalioni za askari wa miguu. Baada ya kustaafu alibaki hapa Nakuru akiandika mabango ya maduka, bucha na vinyozi. Sisi wajukuu tulimjua kwa kazi hiyo kuliko ile ya bunduki: aliupaka uzi chaki, akampa mmoja wetu ncha ya kushikilia, kisha akauvuta na kuuachilia ghafla, nao ukaacha ukutani mstari ulionyooka, na juu ya mstari huo ndipo herufi zake zilipokaa.

Rasimu niliyoletewa na baba zangu wadogo ina kurasa tatu za vyeo, kambi na nishani. Uchoraji umepata sentensi moja tu: “Pia alipenda kuchora.” Sentensi hiyo imeniuma, hasa kwa kuwa nimekuta sandukuni mwake daftari la michoro ya penseli aliyoichora kule Namibia. Nifanyeje ili wasifu usimgawe mzee vipande viwili? Na je, kurasa za daftari hilo nizipeleke zikatiwe plastiki ili wageni wapitishiane?

Mtunza karatasi, Kisumu

Pole sana kwa msiba. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: tafadhali usizitie plastiki. Mashine ile huyeyusha gundi kwa joto na kuikandamiza kwenye karatasi, na ukishafanya hivyo hakuna fundi atakayeitoa bila kuharibu mchoro. Selotepu nayo iache, kwa maana gundi yake hugeuka manjano na kupenya karatasi. Penseli hufutika kwa kusuguliwa tu, kwa hiyo piga picha kila ukurasa kwenye mwanga wa mchana usio na jua kali, chapisha nakala, na wageni wapitishiane nakala hizo. Daftari lenyewe likae mahali pakavu, mbali na dirisha.

Askari mstaafu, Kakamega

Kijana wangu, hao baba zako wadogo nawaelewa, kwa kuwa cheo hakipatikani bure na mtu angependa kisikike. Lakini wanakosea wanapodhani kwamba kuchora kulikuwa jambo la pembeni. Jeshini tulifundishwa kuchora tulichokiona mbele yetu: kwanza upeo wa macho, kisha mgongo wa kilima, mti uliosimama peke yake, njia inapopinda, na kando yake makadirio ya umbali. Mchoro mbaya ungeweza kuipoteza doria. Na sanaa jeshini ni ya tangu enzi za Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Fundi Konde, mpiga gitaa mashuhuri kutoka Pwani, alikuwa katika kikundi cha burudani cha askari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Litazame vizuri hilo daftari la babu yako. Ukikuta vipimo vya umbali pembeni mwa miti, umepata jibu lako.

Nyaboke wa Nyalenda

Mimi naomba niwe na wasiwasi kidogo. Je, bibi yupo? Kama yupo, mwonyesheni daftari kabla ya wageni, kwa sababu huenda lina mambo ambayo mzee hakupenda yazungumzwe. Halafu uchague mchoro mmoja tu uanze nao. Wasifu mrefu uwanjani, jua likiwa utosini na chakula kikinukia, hausikilizwi na mtu.

Mjukuu wa Lanet, Nakuru

Asanteni nyote. Mzee wangu wa Kakamega, vipimo vipo: chini ya mti mmoja wa miiba ameandika “mita 400”, na majani ya mti huo ameyachora moja moja, jambo ambalo sidhani kama doria ilihitaji.

Bibi yupo, na nilimpelekea daftari Jumapili. Alisimama kwenye mchoro wa tarehe 8 Novemba 1989, siku ya pili kati ya zile tano za uchaguzi wa Namibia. Ni foleni ndefu ya wapiga kura. Nyuso zimeachwa tupu, lakini viatu vimechorwa vyote: kandambili, buti lililopasuka kidole gumba, viatu vya mwanamke vilivyovuliwa na kuwekwa kando, na miguu mitupu. Bibi akacheka, akasema mzee alikuwa akitazama viatu vya mtu kabla ya kumsalimu, na kwamba yeye mwenyewe alipiga buti zake rangi kila Jumamosi hadi alipolazwa.

Nimempigia baba mdogo simu nikamsomea maneno hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuanze na viatu, vyeo vifuate.